Alama Nne za Kidole Tumbo

Yule mama alifika saa nne asubuhi, ametembea na binti yake kutoka milimani. Wakati huo nilikuwa tabibu wa kituo kidogo cha afya wilayani Kilosa, mimi na muuguzi mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akajikalisha polepole kwenye benchi.

"Ni tumbo," binti alisema. "Jana lilianzia kitovuni, leo limehamia huku chini kulia. Na hali chakula."

Nilihisi kidole tumbo. Tulikuwa na karatasi ya alama ya kutusaidia kuutambua ugonjwa huo: kila dalili na alama zake, jumla kumi. Zikifika saba, mgonjwa aende kwa mpasuaji. Tano au sita, usimwache mbali na macho. Chini ya hapo, huenda ni kitu kingine.

Maumivu kuhama, moja. Kukosa hamu ya kula, moja. Nikabonyeza chini kulia, akakunja uso kidogo. Mbili.

"Inauma sana, mama?"

"Ya kuvumilika."

Hajatapika. Homa hana, ingawa alikuwa amemeza panadol alfajiri. Nilipoachia mkono ghafla, hakushtuka. Jumla nne. Alama tatu zilizobaki zilitaka kipimo cha damu, na mashine yetu ilikuwa na wiki kadhaa bila dawa za kupimia. Penye damu nikaandika sifuri.

Kisichopimwa si sifuri. Nilifundishwa hivyo, na nilifundishwa pia kwamba kwa wazee ugonjwa huu huja kimyakimya. Nilijua yote hayo. Lakini gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mjamzito, na nne ikanipa ruhusa niliyoitaka.

"Nendeni nyumbani," nikawaambia. "Kesho asubuhi mrudi nimwone tena."

Mvua ikanyesha, korongo la njiani likajaa, wasiweze kuvuka. Walirudi siku ya tatu kwa bodaboda, mama amebanwa katikati ya dereva na binti. Tumbo lilikuwa limekaza kama ubao. Aliniomba maji, nami sikuweza kumpa, kwa sababu alikuwa anakwenda kupasuliwa.

Jioni mpasuaji alinipigia simu kutoka Kilosa mjini. "Kilishapasuka. Usaha umejaa tumbo zima." Kesho yake mchana mama akafariki.

Baada ya mazishi binti alipita kituoni. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama alisema ulimpima taratibu, ukamsikiliza. Asante, daktari."

Nikasema, "Poleni sana." Basi. Akaenda zake.

Sasa nafanya kazi Mikumi. Nasikia binti ameolewa Magole. Mwaka jana nilifunga safari kwenda kumwambia ukweli. Nilishuka Dumila, kilomita chache tu kabla ya kwao, nikasimama kati ya wauza nyanya, nikanunua ndoo nzima nisiyoihitaji. Kisha nikapanda gari la kurudi.