Fizikia Kabla ya Ugali

Tangu mkutano wa kijiji umpendekeze Damian kwenda Chuo Kikuu, mama yake, Coletha, alikuwa hashikiki. Mwaka ule wa 1977, hapa karibu na Runzewe, huendi chuoni kwa akili peke yake. Lazima wenzako wanyooshe mikono. Nao waliinyoosha mpaka makwapa yakapigwa jua, kwa sababu moja tu: Damian angesomea uinjinia, arudi aifufue pampu ya kijiji, ambayo baada ya hotuba za uzinduzi ilitoa maji kidogo na kutu nyingi.

Kumbe Damian alikuwa ameomba fizikia. Moyo wake ulikuwa kwenye nuru na atomi, siyo kwenye bolti. Alijifariji kwamba vitu hivyo vinakaribiana, kama mtu aliyeahidi ng'ombe akaleta picha ya ng'ombe.

Siku moja Mabula, kiongozi wa kikundi cha kulima cha kijiji, alikuja na vijana wake na ngoma yao kumlimia Coletha shamba la pamba. Desturi yao: unawapikia, na wakishanawa wakala, mambo yote kati yenu yameisha, hakuna wa kudai tena. Damian aliijua desturi hiyo vizuri mno. Shetani akamnong'oneza: subiri wale kwanza, ndipo useme.

Akashika jembe, akajipanga mstarini. Majembe yakapanda na kushuka pamoja, Mabula akiimba jinsi Injinia wetu atakavyowatua kina mama ndoo. Kila alipotajwa, jembe la Damian lilichelewa.

"We Injinia, unalima au unabembeleza udongo?"

"Kaka Mabula, siendi kusomea uinjinia. Nimeomba fizikia."

Ngoma ikakatika.

"Fizikia ndiyo nini?"

"Ni kujua kwa nini maji hupanda kwenye bomba."

"Na kuyapandisha?"

"Hiyo... ni kazi ya mainjinia."

"Ahaa! Kwa hiyo utarudi kutueleza kwa nini tuna kiu."

Wakacheka. Kisha kicheko kikawafia mdomoni. Coletha alikuwa ameshafika na sufuria kichwani, na alisikia yote.

"Mama, nisamehe."

"Mimi? Mimi ningekuzaa hata ungesomea kupiga miayo. Waombe walionyoosha mikono."

Damian akageuka kuwaomba, lakini Mabula alishaweka jembe begani. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja, wakiupita ugali wa moto na nyama ya mbuzi kama wanaopita msibani kwa mtu wasiyemjua. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana, angalau angepumua.

Shamba likabaki nusu limelimwa, nusu majani.

"Naweza kuandika barua chuoni," Damian alisema, "nibadilishe."

Coletha akatua sufuria. "Unataka kubadilisha?"

Damian alifungua kinywa aseme ndiyo. Alitaka sana kuisema.

"Sitaki, mama."

Na hilo ndilo lililomchoma zaidi kuliko migongo ile iliyokuwa ikipotelea njiani.

"Basi lima," mama alisema.