Kichuma cha Rili ya Baba

Ujinga wangu niuseme mwenyewe kabla haujafika sokoni Kapsoit bila mimi: nimeharibu kitu kwa kukitengeneza.

Marehemu baba alituachia rili yake ya kuvulia samaki wa trauti, ile ya kuzungushia kamba ya ndoano. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Akitoka mtoni alisimama langoni, akaizungusha, krrr, na mama akabandika maji ya chai. Tangu aende, rili ilikwama kwa kutu, na hiyo krrr tumeikosa kuliko hata samaki. Nikamwahidi mama ataisikia tena.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, mtoni huenda kuteka maji tu, lakini skrubu nazijua. Nikasugua kutu kwa mswaki, nikapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Ndani nikakuta kichuma chenye springi, kimeegemea meno ya gurudumu. Nikasema, kumbe mchawi anayeikwamisha ni huyu. Nikakitoa. Na kwa sababu chuma hakitupwi, nikakikunja, nikakipigilia kwenye mlango wa banda la kuku, uliokosa komeo.

Rili ikazunguka vizuri sana, lakini kimya. Nikaweka kamba. Kimya. Mama ameshabandika maji.

Nikamwita jirani, Mzee Koech, aliyekuwa akivua na baba. Akaizungusha karibu na sikio, akachungulia ndani, akauliza kichuma kiko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akalitazama lile banda, akanirudishia rili.

"Kijana, sauti ya baba yako ndiyo umefungia kuku."