Mwalimu Zabron Hakuiga Mtu

Siku za mazoezi ya kwaya, katika kanisa la Waanglikana lililoko milimani juu ya Munisagara, Zabron alikuwa akisimama mlangoni na kikapu. Hakikuwa cha sadaka. Kila mwanakwaya aliyeingia alitumbukiza simu yake humo, na haikutoka mpaka mazoezi yaishe, kwa sababu Zabron aliamini simu ndizo zinazochafua masikio ya watu.

"Mnashinda mnasikiliza nyimbo za Dar," alikuwa akisema, "halafu jioni mnakuja kunitapikia mimi."

Alikuwa mkulima kama wenzake, mwenye mahindi mlimani na kijishamba cha mpunga bondeni Kilangali. Lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu, "Mtunzi." Na kweli alikuwa ametunga nyimbo nyingi. Chache zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa za kusinzia, ila nani angemwambia? Kwaya za makanisa mengine aliziita kasuku. Vijana wa Mikumi waliorekodi nyimbo zao kwenye vibanda vya barabara kuu aliwaita kasuku wenye mafua, kwa jinsi walivyobana pua ili wafanane na wasanii wa mjini. Frank, kijana aliyewapigia kinanda hapo hapo kanisani, alisemwa mbele ya watu wote.

"Kinanda hicho kinajipiga chenyewe," Zabron alimwambia. "Wewe umekaa hapo kukizuia kisidondoke."

Wasukuma wa bondeni hawakupewa hata huo ukasuku, maana walichokifanya Zabron hakukihesabu kuwa ni kuimba. Kila msimu alishuka Kilangali kuamia ndege wasile mpunga wake, akakaa kwenye kibanda chake akirusha udongo kwa kombeo. Shamba la jirani lilikuwa la Paulina, mama mmoja aliyetoka kanda ya ziwa na ndugu zake. Walivuna na kupiga mpunga kwa pamoja, na kutwa nzima waliimba.

"Shikamoo, mwalimu," Paulina alimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba," Zabron aliitikia bila kugeuza shingo. Akirudi mlimani alilalamika kwamba kichwa kinamuuma kwa kelele za wachunga ng'ombe.

Mwaka huo wanakwaya walikuwa wamemchoka. Miaka yote walirudi kutoka kwenye mashindano mikono mitupu, na sababu ilikuwa ile ile, kwamba waamuzi hawajui muziki. Mwenyekiti wa kwaya, Teresia, akamfuata baada ya ibada.

"Mwalimu, safari hii tusipopita kwenye mashindano ya Mikumi, kwaya tunamkabidhi Frank."

"Mtakuwa mmekikabidhi kinanda. Frank hana anachokijua."

"Awe Frank, kiwe kinanda, sawa tu, mwalimu. Tumechoka kushindwa."

Zabron akaona usingizi umemwisha. Kwaya ndiyo iliyomfanya aitwe mwalimu. Bila kwaya angebaki Zabron wa mahindi. Basi siku moja, akiwa anapandisha mlima kutoka bondeni, wimbo ukamjia mzima mzima, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Haukumsumbua hata kidogo. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini wimbo unakuja laini hivyo. Yeye akaona kipaji kimekomaa.

Wimbo ulikuwa na jambo moja la ajabu. Kila mwisho wa mstari palikuwa na kimya, kirefu kuliko cha kuvuta pumzi. Waimbaji walijikwaa hapo. Frank akajaribu kupaziba kwa kinanda.

"Toa mkono," Zabron akamwambia. "Hicho ni kimya cha mtunzi. Huko unakoiga hawana."

Mikumi kanisa lilijaa. Mashindano yalikuwa na makundi mawili: nyimbo za kutunga, na nyimbo za asili ambazo kwaya ilipaswa kutaja ilizitoa kwa nani. Zabron aliandikisha wimbo wake kwenye za kutunga, akasimama mbele na tai shingoni. Paulina na ndugu zake walikuwa wamekaa upande wa kushoto, wamekuja kuishangilia kwaya ya jirani yao wa shamba, Waanglikana wenzao.

Mstari wa kwanza ukaimbwa, kimya kikapita. Wa pili ukaimbwa. Kimya kilipofika, upande wa kushoto benchi likapigwa, pu, kwa mikono mingi iliyoshuka pamoja. Mstari wa tatu, pu. Ubeti wa pili nusu ya kanisa ilikuwa inapiga mabenchi, wanawake wanacheka kwa furaha, na wimbo uliokuwa ukichechemea tangu Munisagara ukasimama kwa miguu yake. Zabron aliwaashiria waache. Hakuna aliyemtazama.

Wimbo ulipokwisha mwamuzi mkuu akamnyooshea kidole Paulina. "Mama, mmeujulia wapi huu wimbo?"

"Si ni wa kwetu?" Paulina akasema. "Wa kupigia mpunga. Hapo mwalimu aliponyamaza ndipo mganda wa mpunga unapopigwa chini. Maneno wamebadilisha, wamemweka Yesu, na amekaa vizuri. Tumefurahi, mwalimu."

Zabron akakiona kibanda chake cha Kilangali, na miganda ikipanda na kushuka ng'ambo ya mfereji. Alijua. Alijua kabla yule mama hajamaliza kusema.

"Mwalimu, hapo hakuna ubaya," mwamuzi akasema. "Tutawahamishia kwenye nyimbo za asili. Wewe taja tu umeutoa kwa nani, muimbe upya."

Kilichotakiwa ni jina moja tu, la mwanamke aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi. Zabron akarekebisha tai.

"Mimi sitoi nyimbo kwenye pumba," akasema.

Paulina akaacha kutabasamu. "Sawa, mwalimu. Na hicho kimya ulikiweka cha nini?"

"Ni cha mtunzi."

Kanisa likacheka, na wa kwanza kucheka walikuwa waimbaji wa sauti ya tatu wa kwaya yake mwenyewe. Frank akazima kinanda, akasimama.

"Mheshimiwa, wimbo ni wa kina mama Paulina wa Kilangali. Sisi tumeweka maneno. Tunaomba waje wapige."

Zabron akatoka nje. Akiwa kwenye gari walilokodi, aliusikia wimbo ukianza upya, bila kinanda, na mabenchi yakiitikia. Halafu akasikia vigelegele: kwaya yake imepita.

Teresia alikuja na sahani ya wali na nyama, akampa dirishani. "Jumapili Frank ataongoza, mwalimu. Wewe utakaa kwenye besi."

"Besi wanatosha."

"Hawatoshi. Na wewe tusikuite mwalimu tena, tutachanganyikiwa. Kula, kaka Zabron."

Alikula, kwa sababu njaa haina utunzi. Wanakwaya walipopanda alihamia kiti cha nyuma kabisa. Gari likaondoka, na kabla hawajauacha mji wakaanza kuimba, wakipiga viti kila kilipofika kimya, wengine wakiwahi, wengine wakichelewa, wakicheka tu.

Zabron akageukia dirisha.

"Hata kupiga hawajui," akasema.