Jumapili ya Miguu Ukutani

Siku yetu ya mapumziko ni Jumapili, na kocha hataki mjadala. Hakuna kukimbia, hakuna kupanda kilima, hata kwenda sokoni na kurudi na mzigo hataki kusikia. Watu wanaotuona alfajiri tukipanda barabara ya vumbi kuelekea Mlima Meru wanadhani kazi yetu ni kukimbia tu. Hawajui kwamba mwili unajijenga ukiwa umelala. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia hilo kwa sikio moja, mpaka kisigino kilipoanza kuuma nikawa nachechemea hata kwenda msalani.

Shida yangu ilikuwa nyumbani. Kwetu ni huko juu mlimani: migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe wa kufungiwa bandani. Baba alishafariki, kaka zangu wametawanyika, mama yuko peke yake. Nilipohamia chumba cha kupanga mjini, Sombetini, nilimwahidi kwamba Jumapili zangu zote ni zake, na kweli nilikwenda. Tukitoka ibadani, hata nguo sijabadilisha, mama ananiuliza, "Wewe si leo unapumzika?" Nikisema ndiyo, napewa panga na kamba. Majani ya ng'ombe yako bondeni, na kilima cha kurudi nacho ni kile kile. Kwake yeye, asiyekwenda kazini ana nafasi, na mwenye nafasi anasaidia. Sasa hapo utamlaumu vipi? Wenzangu wa mazoezi ni wanaume, wakienda makwao wanawekewa chakula mezani. Mimi, msichana, kila Jumatatu nilifika uwanjani nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Kocha aliona. Alikibonyeza kisigino, kisha akasema nikiendelea hivi ataniacha nje ya timu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Riadha ndiyo inayonilisha, sina cheti cha maana wala duka. Basi nikampigia mama, nikamwambia sitakuja kwa muda, naumwa mguu, nimeambiwa nilale.

"Ulale? Mchana?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akasema haya, akakata simu.

Nakwambia ukweli, hakuna zoezi lililonishinda kama kupumzika. Jumapili asubuhi nyumba nzima inaondoka, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na mimi nabaki na kuku wa mwenye nyumba. Kwaya inasikika huku, kwaya inasikika kule. Kanisani nilikuwa siendi, maana hapakosi mtu wa kwetu wa kuniona mzima na kupeleka habari. Nalala kwenye mkeka, miguu juu ukutani kama tulivyofundishwa, natazama dari. Upweke ule ulinikaa kifuani. Kuna siku nilijikuta naisemesha sufuria, eti na wewe umekaa tu.

Halafu shangazi akanipigia, akaniambia mama anasema mtoto wake sasa amekuwa mtu wa mjini. Neno hilo liliniuma kuliko kisigino. Nikaanza kujiuliza kama huu mguu ninaoutunza utanigharimu mama yangu.

Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa, nikafungua. Ni mama, na gauni la kanisani, mkononi ana ndoo ndogo ya loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaingia, akachungulia nyuma ya mlango, macho yakapita chini ya kitanda. Nikamwambia hakuna mwanaume humu, mama, ungekuta angalau kumefagiwa. Hakucheka. Akauliza kwa hiyo nafanya nini siku nzima. Nikalala kwenye mkeka nikapandisha miguu ukutani, nikamwonyesha. Akainama, akakishika kisigino, akakibonyeza kwa kidole gumba, nikavuta pumzi.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba bado mkononi. Alipovua viatu nikaona miguu yake imevimba, vifundo havionekani. Nikamwambia ajinyooshe kidogo. Akasema yeye haumwi. Nikamwambia hata kama. Akajilaza upande, akasema ni dakika moja tu, na kabla sijamfunika khanga alikuwa ameshalala.

Sijawahi kumwona mama yangu amelala mchana. Kuamka kwake ni kabla yetu, kulala ni baada yetu, ndivyo nilivyomjua maisha yangu yote. Nikazima simu, nikakaa sakafuni bila kujitikisa. Alikoroma kidogo. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Aliamka jua limeshageuka, akashtuka, akauliza ng'ombe wamekula nini. Nikasimama nikasema twende wote, nitakata majani. Akanishika bega, akanikalisha.

"Kaa hapo. Na usimwambie mtu nimelala mchana."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni tu, zaidi ya hapo alikataa. Akafunga kilemba chake vizuri, akanitazama mguu, akasema, "Jumapili ijayo pia usije. Pumzika."

Ndilo neno nililokuwa nalisubiri siku zote zile. Nikarudi ndani, nikalala pale alipokuwa amelala, bado pana joto, nikalia, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kupumzika, na Jumapili sikuwa tena na pa kwenda.