Alama Kwenye Daraja la Kalimoni

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Kalimoni nikakuta daraja letu la mawe halipo. Penye matao mawili sasa kuna zege na vyuma vya pembeni. Ni zuri, siwezi kukataa, malori mawili yanapishana bila shida. Lakini wewe hukuliona lile la zamani.

Chini ya tao kulikuwa na baridi hata adhuhuri. Jumamosi tulifua huko, tukila nduma za asubuhi, na lori la kahawa likipita juu, mngurumo ulitufikia hadi kwenye meno. Babu zetu ndio waliolijenga, na kila mchongaji alitia alama yake kwenye jiwe lake. Babu wa msichana wa jirani, rika langu, aliacha alama ya mguu wa kuku kwenye jiwe la katikati kabisa ya tao. Kila tukienda kufua alilionyesha kwa kidole. "Hiyo ni ya guka wangu. Yenu iko wapi?"

Nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu kwa viatu au nguo. Siku moja nikachukua msumari, nikachora nyota kwenye jiwe lisilo na alama, nikatangaza kwamba ni ya guka wangu. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Shosho, nyanya yangu, akasikia. Alinikokota hadi mtoni, akanipa mchanga na maji, nikaisugua ile nyota mpaka vidole vikachubuka. "Guka wako hakuchonga hata jiwe moja," akasema. "Alikoroga chokaa ya kuunganishia mawe. Haya mawe yote ni yeye ameyashika. Sasa unamwibia jiwe la mwenzake la nini?" Nyota ilitoka, lakini wivu haukutoka. Nilitaka alama ya kuonyesha wenzangu, si chokaa.

Daraja lilipobomolewa, yule msichana, siku hizi mama mwenye wajukuu, aliomba jiwe lake akapewa. Nilipopita kumsalimu nilikuta amelijengea juu ya mlango.

"Si umeona guka ananilindia nyumba?" akacheka. "Lakini lilitusumbua! Ile chokaa ilikataa kutoka kabisa. Fundi amegonga na tindo asubuhi yote ndio likakuwa safi."

Nikamwuliza hiyo chokaa waliipeleka wapi.

"Ai, si tulimwaga hapo kwa geti. Kulikuwa na matope mingi."

Nilikunywa chai yake, nikaisifu nyumba, nikaaga. Matao yamekwenda, shosho amekwenda, na wivu ninao vilevile, tena sasa unauma zaidi. Getini vipande vyeupe vya ile chokaa vilikuwa vimetandazwa vizuri ili wageni wasichafuke. Nilipita kando, ndani ya matope, na viatu vyangu vya kanisani.

"Pitia hapo pakavu!" akaniita kutoka mlangoni. "Hapo ndio tumekutengenezea!"

Sikugeuka. Sikutaka anione nikimlilia guka wangu.