Sauti za Watoto Wanaosoma Vizuri

Nilipaswa kukataa siku ile, katika chumba cha walimu, mwalimu mkuu aliponiambia kwamba watoto wanaosoma kwa kukwama tuwaache nje tunaporekodi sauti. Alilisema kwa upole, huku akinimiminia chai.

"Mzee wangu, sauti hizi zinakwenda chuo kikuu. Tupeleke za kutuaibisha?"

Nikacheka kidogo, nikasema tusipeleke. Uamuzi wenyewe haukuchukua muda zaidi ya kukoroga sukari.

Sauti hizo alizitaka binti yangu. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapitia chuo cha ualimu, nikafundisha shule za msingi huku Newala hadi nikastaafu. Yeye alinipita mapema. Alianza kazi akiwa mwalimu wa sekondari Masasi, na huko akakutana na jambo lililomwondoa darasani: watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakuweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili wakauelewa. Alipokuja likizo aliniuliza kama ni sisi wa shule za msingi tuliowapitisha hivyo. Nikamjibu kwamba darasa likijaa hadi wengine wanakaa chini, mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma.

Jibu hilo hakuliacha. Alirudi chuo kikuu, akajifunza kompyuta katika umri ambao wenzake walikuwa wanajenga nyumba, kisha akaingia kwenye utafiti wa kutengeneza programu ya akili unde. Ingekaa ndani ya kishikwambi, imsikilize mtoto akisoma hadithi kwa sauti, imsaidie pale anapokwama. Isingechoka, isingemkaripia, wala isingehitaji mtandao. Hapa nyumbani dada yangu alikuwa akimtania.

"Mashine yako hiyo itapalilia mikorosho lini?"

"Ikishajua kusoma, shangazi," alijibu.

Alinieleza kazi yenyewe uani, mama yake akimenya mihogo. Alisema programu haijui kitu mpaka ifundishwe, na hufundishwa kwa sauti za watoto wengi. Zilizokuwepo zilikuwa za watoto wa mijini. Alitaka za watoto wa huku, wanaoongea Kimakonde nyumbani na kukikuta Kiswahili shuleni. Mimi nilijulikana katika shule zote, kwa hiyo aliniomba nizunguke na kinasa sauti.

"Baba, wanaosoma vizuri hawanihitaji sana," alisema. "Niletee wanaokwama. Mtoto akinyamaza, mwache anyamaze, usizime."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa kweli. Siwezi leo kusema kwamba lugha ya kitaalamu ilinipiga chenga.

Lakini ualimu wa huku una mazoea yake. Akitangazwa mkaguzi au mgeni yeyote, watoto wenye sare nzima huketi mbele, swali litakaloulizwa hujibiwa mara kadhaa kabla mgeni hajafika, na wale wanaojulikana kwa kukwama hutumwa maji. Uwanda wetu uko juu na maji yako bondeni, kwa hiyo mtoto akitumwa anakuwa ameondoka kweli. Hakuna anayeliita jambo hilo uongo. Tunaliita kuandaa darasa, na mimi nilikuwa nimeandaa darasa tangu nilipoajiriwa. Hata siku binti yangu mwenyewe alipokuwa ndiye mgeni, niliandaa.

Baada ya shule ile ya kwanza sikungoja kuambiwa. Kila nilipofika, kuanzia pande za Kitangari, niliwaomba walimu wanichagulie. Wengi waliochaguliwa walikuwa watoto wa walimu, wa wauguzi na wa wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Wenyeji waliokuwemo niliwasomesha hadithi kwanza, tukarudia, ndipo nikawasha kinasa sauti. Mtoto akikwama nilifuta, nikampa maji anywe, tukaanza upya. Dirishani niliwaona wenzao wakiteremka na ndoo, wakisukumana na kucheka, wamefurahi kukosa kipindi.

Binti yangu alipopiga simu kuuliza kama nimepata wa kila aina, nilimjibu kwamba nimewapata.

Programu ikafanya vizuri. Kila walipoipima, waliipima kwa sehemu ya sauti zilezile nilizoleta, na iliwasikia watoto hao bila shida. Binti yangu akapewa kuongoza mradi mzima. Akaalikwa kwenye mikutano ya watafiti, ndani na nje ya nchi, akieleza jinsi mtoto wa kijijini anavyoweza kupata msikilizaji wake mwenyewe. Ijumaa baada ya swala watu walinipa mkono kana kwamba mikutano ile nilihutubia mimi. Nami niliupokea mkono.

Kisha akaleta vishikwambi huku kwetu kwa majaribio. Alinichukua twende pamoja kwenye shule moja upande wa Mnyambe, na kwa kuwa walimu waliambiwa kwamba anataka darasa zima, safari hii hakuna aliyetumwa maji.

Msichana mmoja wa darasa la tatu alipewa hadithi fupi. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma. Akafika la pili, akanyamaza. Wengi wa watoto wetu husoma hivyo. Hulipika neno moyoni kwanza, maana wamejifunza kwamba kukosea kwa sauti kunachekwa. Wakishalipata, hulitoa lote. Lakini programu haikuwahi kusikia ukimya wa namna hiyo. Ikaona hajui, ikaiondoa hadithi na kuleta nyepesi zaidi. Akanyamaza tena, ikashusha tena, hadi kiooni zikabaki irabu peke yake.

"Mwalimu, kimemrudisha chekechea," mvulana wa nyuma yake akasema, na darasa likaangua kicheko.

Msichana alikisukuma kishikwambi taratibu hadi ukingoni mwa dawati, akalaza kichwa juu ya mikono. Wengine waliomfuata iliwatendea vilevile. Binti yangu alipiga magoti kando ya yule msichana, akamfungulia hadithi ya kwanza kwenye karatasi, akangoja. Alingoja sana. Mtoto akaisoma yote.

Alinisemesha tulipofika nyumbani, tumekaa barazani na jua bado liko juu.

"Baba, wale wanaokwama ulinirekodia?"

Nikamweleza yote, tangu ile chai.

"Ungeniletea sauti chache, ningejua ni chache, ningetafuta nyingine," alisema. "Umeniletea nyingi, nikaamini ni za wote."

Nilimwambia sikutaka watu wadhani watoto wetu ni wajinga. Akasema kwamba sasa mashine ndiyo inayowaambia hivyo, wao wenyewe, kwa sauti, mbele ya wenzao.

Aliporudi chuoni alisimama mbele ya wenzake, akasema matokeo aliyokuwa akiyatangaza si sahihi na programu iondolewe shuleni. Walipouliza nani alisimamia ukusanyaji wa sauti, alisema ni yeye. Hakunitaja. Habari hiyo nilipewa na mama yake, si yeye. Wafadhili wakajitoa, uongozi wa mradi akanyang'anywa, na mialiko ikakoma.

Ilipita miaka kabla hajapata tena nafasi ya kufanya kazi hiyo, safari hii chini ya mkuu mwingine. Msimu uliopita wa korosho alikuja kurekodi watoto Makote. Alipita nyumbani, akanipa shikamoo, nikaitika, akala, akahakikisha dawa zangu za presha zipo. Nilimwambia nina nafasi, naweza kumsindikiza, na kwamba walimu wa kule nawafahamu.

"Pumzika tu, Baba," akasema, akaondoka na mwalimu mwingine aliyemtafuta mwenyewe.

Kukubali kwangu kulimpotezea binti yangu mradi aliouhangaikia tangu alipotoka Masasi, na jina alilolijenga mbele ya wenzake. Watoto wa Mnyambe mpaka leo hawana wa kuwasikiliza wakisoma. Na mimi nimepoteza imani yake. Ananipenda na ananitunza, lakini habari za kazi yake hanielezi tena, na hataniomba tena nimsaidie.