Mtungi Niliousuuza Mara Moja

Harufu ya dawa ya mchwa ilikaa puani hata baada ya kuoga. Miaka ile ya neema ya sukari, kwetu Mayoni miwa ilipandwa mpaka mlangoni, na kabla ya kupanda, vipande vya mbegu vilichovywa katika dawa hiyo ili mchwa wasivile. Dawa ilipoisha, hakuna aliyetupa mtungi wake. Mtungi wa plastiki wenye kifuniko kinachokaza ulikuwa mali. Mama alikuwa na sheria yake: kuusugua kwa jivu na mchanga siku saba mfululizo na kuuanika juani, ndipo utiwe maji ya kunywa.

Baba alikulia Lugari, katika shamba la Mzungu aliyemfanya mbeba mizigo kila alipopanda Mlima Elgon. Aliapa kuwa siku moja angeupanda bila bwana. Agosti nilipokuwa na miaka kumi, alishona hema kwa magunia ya mbolea, akafunga unga, omena, majani ya chai na sufuria moja. Mama alicheka sana, akauliza ni nani mwenye kitanda anayekwenda kulala kwenye baridi kwa hiari yake. Baba alinichukua mimi, kifungua mimba wake, pamoja na Tomi, mbwa aliyenisindikiza shuleni kila asubuhi. Nilipewa kazi moja tu, kuandaa mtungi. Nilicheza siku sita, na ya saba nikausuuza mara moja kwa maji matupu. Mama aliponiuliza, nilidanganya. Niliogopa kuachwa.

Siku ya kwanza tulikunywa maji ya mito, na Tomi akalala katikati yetu kama blanketi la tatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kesho yake tulipanda mgongo mkavu wa mlima, usio na kijito, tukafungua mtungi. Baba hakuniruhusu kunywa maji baridi nikiwa na jasho. Ilibidi mimi na yeye tungoje chai. Tomi alikuwa akihema, nikammiminia kwenye kifuniko cha sufuria, akalamba yote. Kuni zilikuwa mbichi na chai ilichelewa. Ilipoanza kuchemka, Tomi alianza kutetemeka, povu likamtoka, na hakukawia kufa, kichwa chake kikiwa pajani mwangu.

Baba alimkagua miguu yote minne. Kisha akaokota kile kifuniko na kukishika kwa muda. Akamwaga chai, akamwaga maji, akautoboa mtungi kwa kisu.

“Ni nyoka ilimuuma, Mama,” alisema. Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. “Hivyo ndivyo tutaambia watu nyumbani.”

Tuliteremka na kiu siku nzima. Hakupanda mlima tena.

Leo miwa imeng'olewa, tumepanda mahindi, na wanangu hunywa maji ya chupa za dukani. Baba amezeeka. Wajukuu wakimwuliza habari za Tomi, huwasimulia nyoka yule, na kila mwaka nyoka huongezeka urefu. Krismasi iliyopita nilitaka kumwuliza, kama ni nyoka, chai ilikuwa na kosa gani. Nilishindwa. Nilimletea maji, akayanywa yote bila kutazama ndani ya kikombe.